Dawa Iliyolala na Mbuta

Niliigandisha insulini ya mama yangu, na niliigandisha kwa bidii. Sikuteleza, sikusahau, sikusukumwa na mtu. Nilibeba vichupa vitatu kwa mikono yangu miwili, nikavizika chini kabisa ya sanduku la barafu la samaki, kisha nikarudi nyumbani nikijisifu. Ningekuwa mjinga kidogo zaidi, mama asingeumwa. Lakini nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na biolojia nilipata C, ile C ya mtu anayejua nusu ya kila jambo na nusu hiyo anaisema kwa sauti.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tuliishi mimi na mama nje kidogo ya mji wa Homa Bay, kando ya barabara iendayo Mbita. Niliosoma nao walikuwa wametawanyika, wengine Kisumu, wengine Nairobi, wengine wamefuata samaki visiwani. Mimi nilibaki. Nikiulizwa nilisema namtunza mama, na haukuwa uongo, ila ukweli mwingine ni kwamba napenda kitanda changu, kikombe changu na kivuli cha ukuta wangu, na nikienda hata sokoni roho yangu huwa imebaki mlangoni ikinisubiri. Mama aliwaambia wageni kwamba Mungu alimjalia binti mmoja na kiti kimoja. Binti aliolewa Migori. Kiti nilikuwa mimi.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na vidonge vilikuwa vimeshindwa. Aliishi kwa sindano, asubuhi moja na jioni moja, na mdungaji nilikuwa mimi. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, na nililichemsha kila siku kwenye sufuria ndogo ambayo hairuhusiwi kupikiwa kitu kingine. Stima hatukuwa nayo, sembuse friji. Sista wa kliniki ya sukari hospitalini alinifundisha kuhifadhi dawa kwa vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu. "Iwe baridi kama maji ya mtungini," alisema. "Si zaidi ya hapo." Nilisikia neno baridi. Hayo mengine niliyaacha kliniki.

Mwezi huo wa Januari dawa iliadimika Homa Bay, basi shemeji yangu wa Migori akatuletea vichupa vitatu kutoka duka la dawa la huko, ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Jua lilikuwa la kupasua midomo. Siku moja saa nane nilitia mkono kwenye chungu nikahisi mchanga una uvuguvugu, na hofu ikanishika. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa biolojia akichemsha yai mbele ya darasa. Protini ni kamba iliyokunjwa kwa namna yake, alisema. Ukiitia moto mikunjo inafunguka, na mikunjo ikifunguka kazi yake imekwisha. Yai likiiva halirudi kuwa bichi. Nilikuwa nimepigia maneno hayo mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Insulini ni protini. Joto ni adui wa protini. Kwa hiyo baridi ni rafiki, na baridi kali ni rafiki mkubwa zaidi. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa makamo kutoka Mfangano, mfanyabiashara wa mbuta. Alikuwa na sanduku la mbao lililopigwa bati ndani. Kila siku alitia humo barafu iliyopondwa, akainyunyizia chumvi ya mawe ili baridi iume zaidi, na samaki wake walilala hapo hadi pikapu ya kununua ije.

"Dawa ya mama yako ilale na mbuta?" aliniuliza.

"Baridi ni baridi, mama. Mbuta hataigusa."

"Basi iweke hapa juu, karibu na mfuniko. Usije ukaisahau ikauzwa Kisumu."

"Juu kuna joto. Haya mambo tumesomea."

"Haya, Profesa."

Nikatia mkono hadi kwapani, nikavizika chini kabisa, pale barafu na chumvi zilipoungana zikawa kitu kimoja.

Baada ya siku tatu kichupa tulichokuwa tukitumia kikaisha, nikaenda kuchukua kimojawapo. Dawa ndani yake ilikuwa ngumu kama kokoto. Naandika hili nikiona haya hadi leo: nilifurahi. Nilikiweka dirishani kiyeyuke huku nikichemsha sindano. Insulini ya mama kwa kawaida ilifanana na maji yaliyooshea mchele, ukiizungusha inakuwa nyeupe sawasawa. Hii ilipoyeyuka ilikuwa na punje ndogo ndogo, na nyingine zimenata kwenye kioo. Nikadhani haijachanganyika. Nikaitikisa kama mtu anayetaka kufyatua soda. Punje zikabaki. Nikamdunga mama hivyo hivyo.

Tulikuwa na karatasi za kupimia mkojo, ambazo nilizikata katikati kwa urefu ili zidumu. Ikibaki samawati, mambo ni mazuri. Ikielekea kijani, kuna sukari kidogo. Ikiwa kahawia, sukari inamwagika. Siku ya kwanza ya kichupa kipya ilikuwa kijani. Siku ya pili, kijani cha matope. Siku ya tatu, kahawia.

"Mama, umekula nini jana?"

"Ulichopika wewe. Sukuma wiki na ugali kidogo kama wa kumtega panya."

"Na chai?"

"Chai yako isiyo na sukari. Hata mgonjwa wa malaria angeikataa."

Nikaongeza dawa kiasi kidogo, kama sista alivyoniruhusu kufanya karatasi ikichafuka. Kahawia. Nikaongeza tena. Kahawia. Mama akaanza kunywa maji kama shamba la Lambwe lililopata mvua baada ya kiangazi. Mtungi niliojaza asubuhi ulikuwa na mwangwi saa sita. Akawa anakwenda chooni, anarudi, anakaa, anasimama tena kwenda. Mashavu yake yalianza kuingia ndani. Nilimtazama, nikaitazama karatasi, nikafanya kile kinachofanywa na mtu mwenye C ya biolojia: nikatafuta mwizi.

Nilichukua kalamu, nikachora mstari nje ya kopo la sukari, pale sukari ilipofikia. Mama aliona.

"Ukioa, na mke utamchorea kopo?"

"Mama, sukari inapungua."

"Inapungua kwa sababu wewe unakunywa chai tano kwa siku ukiwa umekaa. Hata trekta huzimwa."

"Karatasi haidanganyi."

"Na mimi je?"

Sikumjibu. Niliona kutojibu ndiko kunakofaa, kama daktari. Siku iliyofuata nililifunga kopo ndani ya sanduku langu la shule, ufunguo nikautia shingoni. Karatasi ikatoka kahawia iliyokolea zaidi. Mtu mwenye akili angejiuliza: kopo limefungwa, sukari inatoka wapi? Mimi nilijiuliza anapewa na nani. Nikaanza kuwatilia shaka wanawake wa kanisani waliokuja kumwona. Mmoja alibeba kikapu, nikajikuta nakitazama kikapu kuliko nilivyomtazama mwenyewe. Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, na sikuona sababu ya kwenda mapema. Kumpeleka mtu hospitali wakati unajua anaiba sukari? Huko ni kwenda kuaibishwa.

Siku ya saba mama hakuamka kitandani. Alisema tumbo linamuuma. Alitapika maji, akanywa maji, akayatapika hayo pia. Nilipoinama kumfuta mdomo nikasikia harufu, tamu, nzito, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikajua nimemkamata.

"Mama, umekula ndizi."

"Ndizi gani, wuoda?" Wuoda, mwanangu, hivyo ndivyo alivyoniita akiwa mpole, na hakuwa mpole mara nyingi.

"Nasikia harufu."

"Sijala kitu tangu juzi."

"Harufu inatoka mdomoni mwako, mama."

Akafumba macho. Mimi nikapiga magoti, nikaingia chini ya kitanda kutafuta maganda. Nilisukuma viatu vyake, nikasukuma debe la mahindi, nikapapasa hadi kwenye kona. Juu yangu kamba za kitanda zilikuwa zikilia kila alipovuta pumzi, kwa nguvu, kwa mfululizo, bila kupumzika. Nilisikia sauti hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Nilikuwa chini yake, kichwa karibu na mgongo wake, na bado nilikuwa natafuta maganda ya ndizi.

Ndipo jirani akaingia, akakuta nusu yangu ya nyuma.

"Unatafuta nini huko?"

"Maganda."

"Ya nini?"

"Ya ndizi. Amekula ndizi kwa siri."

Nilisikia hatua zake zikienda upande wa kichwani, kisha sauti yake ikiwa imebadilika. "Toka huko. Huyu mtu amelala lakini anapumua kama aliyekimbia kutoka Mbita. Toka, mshike miguu."

Pikapu ya samaki ilikuwa nje, imekuja kuchukua mbuta wake. Alimwambia dereva samaki watangoja. Tukamlaza mama nyuma juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwa jirani, na mimi nikakaa miguuni pake nikiwa na kichupa mfukoni. Mama hakuuliza tunakwenda wapi. Mtu anayejua kunitania hata akiwa na homa, siku hiyo hakunitania.

Hospitalini walimtundikia maji na kumdunga insulini yao. Sista aliyemhudumia ndiye yule yule wa kliniki. Alipoona mama amewekwa sawa alinivuta kando.

"Amekosa dawa?"

"Hajakosa hata siku moja," nilisema. "Nimemdunga mwenyewe, na nimemwongezea. Tatizo ni kwamba anakula vitu vitamu." Nikatoa kichupa mfukoni kama mwanafunzi anayeonyesha daftari lake.

Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza polepole. Akakisogeza karibu na jicho.

"Hii mliiweka wapi?"

"Kwenye barafu, sista. Haikupata joto hata kidogo."

"Kwenye barafu ya nini?"

"Ya samaki," alisema jirani nyuma yangu. "Chini kabisa. Nilimwambia aiweke juu."

"Iliganda?"

"Iliganda vizuri sana," nikasema, na nilipokuwa nikisema nikaona uso wake.

Hakunigombeza. Naamini angenigombeza ningeumia kidogo. Alininyooshea mkono wa kulia kama wa kusalimiana, nikaupokea.

"Nimekusalimia?"

"Ndiyo."

Akaurudisha, akakunja ngumi, akaniletea tena. Nikabaki nimenyoosha mkono, sijui nishike wapi.

"Mkono ni ule ule," alisema. "Mfupa haujapungua, kidole hakijakatika. Nimeukunja tofauti, basi. Sasa nimekusalimia?"

"Hapana."

"Hiyo ndiyo dawa uliyokuwa unamdunga mama."

Kisha akanieleza, na kwa kuwa baadaye nilikiazima kitabu chake na kukisoma kwa adabu niliyokosa shuleni, nitaeleza kwa maneno yetu sote wawili. Insulini haiondoi sukari yenyewe. Ni mjumbe. Ni kamba mbili fupi zilizofungwa pamoja na kukunjwa kwa namna moja tu, na kazi yake yote imo katika mkunjo huo. Seli za mwili zina kipokezi kwenye ngozi yao, protini nyingine ndefu, nusu imetokeza nje na nusu iko ndani, kama mtu aliyeegemea dirishani. Insulini ikifika na umbo lake, inashikana na ile nusu ya nje. Nusu ya nje ikishikwa, mwili mzima wa kipokezi unajipinda, na nusu ya ndani inaamka. Ikiamka inaigusa protini iliyo jirani yake, nayo inageuka umbo na kuigusa nyingine, habari inapita hivyo kutoka mmoja hadi mwingine, mpaka milango ya sukari iliyokuwa imehifadhiwa ndani inasogezwa juu na kufunguka. Hakuna hata mmoja humo anayesikia neno. Kila mmoja anajua tu jinsi mwenzake alivyokaa.

"Seli haisomi jina kwenye karatasi ya chupa," sista alisema. "Haiulizi imetengenezwa na nini. Inapapasa umbo. Umbo likikosea, hakuna mtu mlangoni."

"Lakini sista, protini huharibiwa na joto. Yai..."

"Umbo halijali limeharibiwa na nini. Barafu inazisukuma, zinapoteza mkunjo, zinashikana zenyewe kwa zenyewe." Akaonyesha kioo kwa ukucha. "Punje hizi ndizo dawa yako. Zimekumbatiana humu, haziendi kokote."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu harufu.

"Sukari imejaa damuni na milango imefungwa. Mwili unaona njaa katikati ya chakula, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Huo ni moshi wake. Watu husema unanuka kama ndizi mbivu." Akanitazama. "Kwa nini? Mlidhani amekula ndizi?"

Jirani alikohoa.

Mambo hayakuishia kwenye aibu, maana sista alikuwa hajamaliza. Insulini ya wodi ilikuwa imebaki chini ya nusu ya kichupa, na mgonjwa kama huyu hutumia nyingi. "Kwa mwendo huu itatufikisha kesho saa sita mchana," alisema. "Baada ya hapo sina. Nyumbani umebakiza vingine?"

"Viko na mbuta."

"Basi tafuta vingine."

Migori. Mimi, ambaye kwenda posta kulinichosha wiki nzima. Safari yenyewe siisimulii. Nilikwenda jioni ile, nikalala kwa dada, na duka la dawa lilipofunguliwa asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi kama mtu anayedai kitu chake. Walikuwa navyo viwili. Muuzaji, mtu mwema, akaniuliza kama nataka anifungie na kipande cha barafu. Nilikataa kwa namna iliyomfanya arudi nyuma kidogo. Nikaviviringisha kwenye taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, nikavitia kwenye chupa ya chai ya dada, na njia nzima nilifungua kizibo kuhakikisha si moto wala si baridi, hadi aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimebeba kifaranga.

Kwenye njia ile nilipata nafasi ya kufikiri, jambo nililokuwa nimelikwepa. Niliona kwamba naweza kufika saa sita na robo. Niliona kwamba nikifika nimechelewa, neno la mwisho nililomwambia mama litakuwa harufu inatoka mdomoni mwako. Sikuwa na lingine la kuweka badala yake.

Nilifika saa tano na nusu. Sista alikizungusha kichupa kwenye mwanga, taratibu, kikawa cheupe sawasawa bila punje hata moja. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mama alikuwa amelala, jirani amekaa kando yake akimpepea kwa kipande cha boksi, naye hakuwa ameondoka tangu jana.

Kesho yake karatasi ikawa kijani. Siku ya tatu ikakaribia samawati, na mama akaomba maji ya kunawa uso, ndipo nikajua amerudi. Sista alimweleza yote, pamoja na habari ya mkono. Mama alisikiliza, akafikiri.

"Kwa hiyo mjumbe alikuja mlangoni amekunja ngumi."

"Ndivyo."

"Na walio ndani wakakataa kufungua. Wana akili. Hata mimi nisingefungua."

Wodi nzima ilicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa nguvu kidogo kupita kiasi, nikitumaini kicheko kitahesabiwa kuwa maneno ya kuomba radhi. Hakikuhesabiwa. Mama alinitazama wakati nikicheka, kisha akageukia ukuta.

Tulirudi nyumbani. Dawa ikarudi kwenye vyungu, kitambaa nikakilowesha mara tatu kwa siku. Karatasi zikatulia. Mama alirudi kunitania kuhusu chai, kuhusu kukaa, kuhusu mke asiyekuja, ila habari ya ndizi hakuigusa, wala ya mimi kuwa chini ya kitanda. Alikuwa akiizunguka kama mtu anayezunguka kidimbwi. Mimi nami nikaanza kufanya kazi. Nilipasua kuni za mwezi mzima. Niliziba paa. Nilifagia uwanja hadi kuku wakakosa la kuparua. Kila nilipomaliza kazi nilisimama mbele yake kidogo, naye alisema "Asante, wuoda," akaendelea kuchambua dagaa wake wa omena.

Siku ya nne tangu turudi nilikuwa nimenyanyua shoka tena, kwa gogo ambalo hatukulihitaji. Jirani alikuwa upande wake wa uzio, ananitazama, mikono kiunoni. Mama alikuwa mlangoni, hatua kumi hivi kutoka kwetu, na kusikia anasikia vizuri. Jirani hakupunguza sauti.

"Kuni hazisemi pole. Ulimwita mama yako mwizi akiwa anakufa, na aliyekuwa anamuua ni wewe. Weka shoka chini umwendee, umwambie kwa mdomo, maana mdomo wako haukuganda."